Kiinua Mgongo cha Baba

Mtu wa kwanza kuja kuliangalia trekta la baba alikuja na mizani. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana wa heshima zake, na mizani yenyewe ilikuwa ile ya kuning'iniza, ya kupimia magunia. Alilizunguka trekta mara mbili, akagonga boneti kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi, akasema, "Hili ni kama tani moja na nusu, mzee. Nakupa mia nane kwa kilo."

Baba, ambaye macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, aliuliza ni nani huyo anayegonga. Tulipomwambia, akacheka mpaka akakohoa. "Mwambieni kwanza aliinue kwenye hiyo mizani yake."

Kijana akanywa uji, akaaga, akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa basi, na moyoni nilikuja kuzuia trekta lisiuzwe. Naandika haya miaka kadhaa baadaye, na bado naona aibu kidogo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa na uhakika.

Nyumbani ni Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa, ukishika barabara ya Dodoma kabla hujateremka kwenda Mtera. Leo ukipita utaona alizeti, mahindi membamba na vumbi. Lakini waulize wazee. Miaka ya 1950 na 1960 Ismani ilikuwa ndiyo mahindi, na mahindi ndiyo Ismani. Ardhi ilikuwa mpya, haijachoka, mvua za Desemba zikishika hukosi. Waliobahatika walinunua trekta, wakalima yao, wakawalimia na wenzao kwa malipo. Baba hakuwa katika wale wakubwa. Alikuja kupata lake mwishoni, mwaka 1970, tena la mkono wa pili, kutoka kwa Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku aliyekuwa anafunga shamba lake aondoke. Alitoa shilingi elfu tisa. Nusu ilikuwa ya mahindi ya misimu mitatu, nusu ya pili hadi leo kila mtu anaisimulia kivyake.

Lilikuwa Massey Ferguson 135. Kijijini hakuna aliyelitamka hivyo, lilikuwa Masei tu. Boneti nyekundu, mwili wa kijivu, injini ya Perkins ya dizeli yenye pistoni tatu, nguvu farasi kama 45. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964 na ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1970. Ukiliweka pembeni ya matrekta ya sasa utadhani ni la kuchezea watoto. Siri yake haikuwa ukubwa. Baba, aliyeishia darasa la nne, alitueleza siri hiyo kwa mikono yake miwili juu ya meza ya chakula: ngumi moja trekta, ngumi ya pili plau. Zamani, alisema, jembe la trekta lilikuwa linaburutwa nyuma kama mbuzi aliyegoma. Akaja mtu wa Ireland, Harry Ferguson, akalifunga jembe kwenye trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na haidroliki ikalinyanyua na kulishusha. Ardhi ikiwa ngumu, uzito wa kazi unakandamiza magurudumu ya nyuma badala ya kuyaacha yateleze. "Trekta jepesi," angemalizia, ngumi moja ikiwa imeikalia nyingine, "lakini likianza kulima linanenepa." Nilikuja kusoma habari za Ferguson nikiwa mtu mzima, na sikuona la kumsahihisha mzee.

Furaha ile haikumaliza hata miaka miwili. Serikali ilikuwa inawahamishia watu vijiji vya ujamaa, na Ismani, penye wakulima wenye mashamba makubwa na matrekta, palikuwa pagumu kuliko kwingi. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi Mkungugu na mkulima aitwaye Said Mwamwindi. Mwamwindi akauchukua mwili, akauendesha kwa gari la marehemu mwenyewe mpaka polisi mjini, akajisalimisha. Baadaye alihukumiwa kunyongwa. Kila Mtanzania wa umri fulani anakijua kisa hiki, na kila mmoja ana upande wake. Kwetu hakikuwa kisa cha kusimuliwa kwa sauti. Baba akikigusa alikuwa anatazama mlango kwanza, hata miaka ya 1990, hata tukiwa peke yetu.

Alichofanya yeye ni kuondoka. Si yeye, trekta. Wiki chache baada ya ile Krismasi aliliwasha usiku, akapita kando ya mji, akalipeleka Usangu kwa mjomba wake aliyekuwa analima mpunga upande wa Ubaruku. Masei likikimbia sana halifiki kilomita thelathini kwa saa. Alitembea nalo usiku mara tatu, mchana analificha chini ya miti na kujifanya mtumishi wa mtu anayesubiri spea. Lilikaa Usangu likivuta mpunga mpaka 1977, hali ilipotulia akalirudisha. Mimi nilizaliwa mwaka huo. Mama husema wageni wawili walikuja mwaka mmoja, na mmoja alikuwa anakunywa dizeli.

Kwa hiyo mtaniwia radhi kama nililipenda kupita kiasi. Nilijifunzia kuhesabu kwenye saa yake ya mizunguko. Nilikaa juu ya madigadi ya kushoto na dada yangu ya kulia, tumeshikilia chuma cha moto, tunapiga kelele ambazo hakuna anayezisikia. Najua ladha ya vumbi lililochanganyika na moshi wake. Nilipopata simu ya kwanza yenye kamera nzuri, picha ya kwanza niliyoiweka iwe sura yangu kwa watu haikuwa ya mke wangu (analikumbuka hili), ilikuwa ya Masei.

Februari 2023 mama aliteleza. Ilikuwa alfajiri, mvua imenyesha usiku, njia ya chooni ni udongo mwekundu uliolowa, na choo chenyewe ni cha shimo, cha kuchuchumaa, hatua arobaini kutoka mlango wa nyuma. Alikuwa na miaka sabini na nne. Alivunjika pale juu kabisa, shingo ya mfupa wa paja, mahali ambapo kwa mzee hapaungi kirahisi. Daktari alituchorea kwenye bahasha: kichwa cha mfupa kikitengana na mfupa wake, damu inayokilisha nayo inakatika, kinakufa polepole. Dawa ni kukitoa na kuweka nyonga bandia. Kumwacha alale kitandani mpaka "Mungu asaidie", alisema yule daktari bila kupaka mafuta, maana yake ni vidonda vya mgongoni na kifua kujaa, na mara nyingi miezi haiwi mingi.

Wazazi walikuwa na kadi ya CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya kwa mwaka, na ilisaidia mwanzoni. Nyonga yenyewe ilikuwa juu yetu. Tulipiga hesabu ya upasuaji, damu, safari ya kwenda Dar es Salaam amelazwa nyuma ya gari, mtu wa kukaa naye, mazoezi ya viungo baadaye. Ikafika milioni nane na laki sita. Tupo watoto watano. Mmoja ni mwalimu, mmoja ana duka, mmoja hana kazi, mimi ni mhasibu wa duka la watu, na dada yetu wa pili ndiye aliyebaki na wazee. Tulichanga milioni tatu na ushee kwa wiki mbili, tukaishiwa.

Wakulima kama baba hawana pensheni. Wenzetu Zanzibar tangu Aprili 2016 waliweka utaratibu wa kila mzee aliyefikisha miaka 70 kulipwa, ukaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama maisha yake yote alikuwa mvuvi au mpiga makuti. Huku bara mzee aliyelima miaka hamsini pensheni yake ni watoto wake, na watoto wenyewe ndio sisi.

Aliyesema kwanza neno "trekta" kwenye kundi letu la WhatsApp ni dada. Aliandika maneno manne: "Kuna lile trekta, jamani."

Ilikuwa kama ametukana. Kaka mkubwa aliandika ukurasa mzima juu ya turathi ya familia. Mdogo wetu akaweka alama ya kulia. Mimi nikapendekeza tukope benki, halafu nikaongeza, kwa busara zangu zote, kwamba kuna vitu haviuzwi. Dada alikaa kimya siku nzima. Usiku akajibu: "Nyie mnaolipenda, nani aliliosha mara ya mwisho? Kuku wanatagia chini ya giaboksi. Mimi ndiye ninayemgeuza mama."

Nikapanda basi kesho yake. Nilijiambia naenda kuongea na baba mwanamume kwa mwanamume, kumkinga asilazimishwe. Yeye hakuwa ameambiwa chochote, au ndivyo tulivyodhani.

Nilimkuta kwenye kiti chake nje, anapata jua. Presha ya macho ilimwanza taratibu, na msimu wa mwisho kulima mwenyewe ulikuwa wa 2014. Baada ya hapo vijana walilikodi, kisha wakaacha, kwa sababu spea ni za kutafuta na kwa sababu ardhi yenyewe hairudishi tena hela ya dizeli. Nilimsalimu, nikazunguka maneno kama fisi anayezunguka zizi. Akanikata.

"Umekuja kwa habari ya trekta."

Nikasema ndiyo, lakini asiwe na hofu, hatutamruhusu mtu—

"Nimeshamwambia fundi atafute mteja. Tangu juzi."

Nikakosa la kusema. Yeye akaendelea kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Wenzake waliofanya kazi serikalini walipewa kiinua mgongo. Yeye alinunua cha kwake mwaka 1970, akakipaka grisi miaka yote hiyo, sasa mgongo unataka kuinuliwa. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nalijua.

Mwaka 1983 pampu ya dizeli ilikufa. Ni miaka ile ambayo sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, seuze pampu ya trekta. Ilipatikana moja kwa njia za panya, na bei yake ilikuwa ng'ombe wawili. Zizini ng'ombe walikuwa wengi kiasi, lakini wa baba walikuwa wameshauzwa. Waliobaki walikuwa wa mama, aliopewa na kwao. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi mitano. Baba aliwachukua, akaahidi kuwarudisha baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakaja mengine, zikaja ada zetu za shule.

"Sijawarudisha," alisema. "Miaka arobaini. Hajawahi kunidai mbele ya watu."

Jioni nikamuuliza mama, pale alipolazwa na mto katikati ya magoti. Yeye hakushangaa. "Lile chuma?" alisema. "Lilikula ng'ombe wangu, na lilikuwa linakula na usiku wangu. Nyie mlipokwenda shule za bweni, nani unafikiri alikuwa anamshikia tochi?" Kisha akataka ageuzwe upande wa pili. Yeye maisha yake yote alikuwa ameolewa ndoa ya wake wawili, mmoja wa chuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza anaionaje.

Baada ya yule wa mizani walikuja wawili wa maana. Mmoja alikuwa mwenye hoteli ya kitalii, mtu mwenye tabasamu na daftari. Alitaka kulipaka rangi upya na kulisimamisha kwenye bustani mbele ya mapokezi, maua yakiwa kwenye kiti. Alitoa milioni kumi na tano, taslimu, kesho. Wa pili alikuwa kijana wa Ubaruku, mlima mpunga, hajafika hata miaka thelathini. Babu yake alikuwa jirani wa yule mjomba aliyelificha trekta miaka ile, na fundi alipotangaza, habari zilifika Usangu kabla hazijamaliza kijiji chetu. Alisema nyumbani kwao bado wanalisimulia. Alikuwa na milioni kumi na mbili.

Mimi mhasibu nilikuwa na jibu tayari. Milioni tatu si ya kuchezea, na ajabu yake ni kwamba sasa mimi niliyekuja kuzuia ndiye niliyetaka liende hotelini: litatunzwa, litang'aa, nitakuwa napita kulipiga picha. Nikamweleza baba faida zake zote. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hapo kwenye majani litakuwa linalima nini?"

Akamwita yule kijana, akamkalisha, na nikashuhudia mzee asiyeona akimnyoa mtu bila maji. Alianza na hali ya trekta, akataja kila ubovu kabla hajaulizwa. Breki ya kulia ni ya kuomba. Saa ya mizunguko ilikufa zamani. Silinda ya haidroliki inashuka ikikaa na plau hewani usiku kucha. Tairi za nyuma zina maji ndani kwa ajili ya uzito, asije akazitoa upepo akashangaa kulowa. Kijana akazidi kulitaka. Ndipo mzee akaja na bei: milioni kumi na mbili hizo hizo, na kila msimu, kwa misimu minne, gunia tano za mpunga ziletwe hapa mlangoni. Kama nimeelewa vizuri biashara, baba yangu alijitengenezea pensheni palepale kwenye mkeka, na hakuna mfuko wa hifadhi uliohusika.

Fuso ilikuja Jumamosi. Hapakuwa na daraja la kupakilia, kwa hiyo waliirudisha kinyumenyume hadi kwenye kingo ya korongo nyuma ya nyumba, sakafu yake ikalingana na ardhi, wakaweka mbao mbili za mninga. Betri lilikuwa la kuazima. Baba alitaka aliwashe yeye. Tulimshika mkono mpaka kwenye ngazi, na baada ya hapo hakuhitaji mtu. Mguu ulijua pa kukanyaga. Mkono ukaenda kwenye liva ndogo ya gia, akaitikisa kuhakikisha iko katikati, kwa sababu isipokuwa katikati stata haigusi. Likazunguka, likakohoa, likatema moshi mweupe, kisha mweusi, kisha likashika ule mdundo wake wa pistoni tatu, usiolingana vizuri, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayetembea haraka. Alikaa pale kama dakika tano. Halafu akavuta kile kitufe cha kuzimia, akashuka, akamwambia kijana apandishe mwenyewe, yeye haoni mbao.

Kaka mkubwa, aliyekuja toka Mbeya na turathi yake, ndiye aliyelia. Mimi nilijitia kuhesabu fedha.

Mama alifanyiwa upasuaji mwezi wa Aprili. Siku ya pili wakamsimamisha, akawatukana kwa Kihehe, wakadhani anawashukuru. Fedha iliyobaki ilijenga choo cha kukaa ndani ya nyumba, na sakafu ya saruji iliyokwaruzwa makusudi isiteleze, na bomba la chuma ukutani la kushikilia. Sehemu inamlipa binti anayemsaidia dada, na sehemu ni matone ya macho ya baba, ambayo hayarudishi kilichopotea bali yanalinda kilichobaki. Pale trekta lilipokuwa linalala kuna doa jeusi la mafuta ambalo halioti kitu. Kuku wamehamia jikoni.

Desemba ile nilikuwa nyumbani kwa likizo. Saa tatu usiku simu ya baba ikaita. Ni yule kijana, yuko shambani, dizeli iliisha, ameongeza lakini haliwaki. Baba akaniambia niweke sauti kubwa. Upepo umeingia kwenye mabomba, akamwambia. Alegeze ile skrubu ya juu ya chujio. Pale ubavuni mwa injini kwenye pampu ndogo kuna kiliva cha kusukuma kwa dole gumba, asukume mpaka dizeli itoke bila povu. Akaze. Sasa aende kwenye nozeli, alegeze nati za mabomba yote matatu, azungushe stata mpaka dizeli iruke, aanze kukaza moja moja.

"Ya kwanza tayari," sauti ilisema, na nyuma yake vyura. "Ya pili tayari. Ya tatu inavuja, mzee, kila nikikaza inavuja."

Baba akakuna kidevu. Alikuwa anafikiri.

"Ya tatu asikaze mpaka mwisho," mama alisema kutoka chumbani, kitandani, taa imezimwa. "Ile nati ilishalika. Akaze nusu, awashe, injini ikishika ndiyo amalizie. Na afunge uzi wa katani, si wa nailoni, nailoni inayeyuka."

Simu ilikaa kimya kidogo.

"Mzee, huyo ni fundi nani?" kijana akauliza.